Kicheza Sauti cha Thornton na Ukucha wa Jumamosi

Kamati ya podikasti ilikutana katika chumba cha kukaushia vifaa vya hoki ya barafu, na kila aliyeingia humo na pua alijuta kuzaliwa nayo. Hapakuwa na namna. Shule nzima ya bweni, pamoja na kuta zake za mawe na picha za wafadhili wake, haikuwa na chumba kingine kisicho na mwangwi. Mabegi ya hoki yaliyorundikwa hadi darini yalimeza sauti barabara. Yalichotoa badala yake ni uvundo: jasho la Oktoba lilikuwa limemwoa jasho la Novemba, na sasa walikuwa na watoto.

Odette Robichaud alikalia ndoo iliyopinduliwa, skafu imemfunika uso hadi chini ya macho. Alikuwa na miaka kumi na sita na vitu vingi vilimtia kinyaa, lakini siku hiyo kinyaa chake chote kilimwelekea Thornton Ashcombe, kiranja wa bweni, mlinda lango wa timu, na mwenyekiti wa kamati kwa uteuzi wake mwenyewe.

"Mabibi na mabwana," alisema Thornton, ingawa mbele yake walikuwepo watu wawili tu, "sauti ni kitu kitakatifu. MP3 ni sauti iliyotafunwa ikatemwa. Siwezi kuwalisha wasikilizaji wetu matapishi."

"Bwana mkubwa, humu ndani usitaje matapishi," alisema Fergus MacAskill, aliyeshughulikia maikrofoni. "Nimetoka kula sasa hivi."

"Tutaweka faili kamili, lisilobanwa hata chembe. Msikilizaji asikie kila kitu."

"Hatasikia chochote," alisema Odette. "Kijijini kwetu mtandao unaletwa na waya wa simu uliotundikwa enzi za Nuhu. Babu akianza kulipakua hilo zigo lako leo, atalisikilizia peponi."

"Basi wahame."

Odette alimtazama kama mtu anavyomtazama konokono ndani ya saladi aliyokwisha kula nusu.

Faili lililogombewa lilikuwa la babu yake. Mzee Alcide alikuwa akipiga fidla tangu hajaota ndevu, na kulikuwa na wimbo mmoja wa baba yake ambao hakuna mwingine aliyeujua. Wakati wa kiangazi Odette alimrekodi akiupiga jikoni kwa Shangazi Léonie. Mzee alipiga akiwa na soksi, maana shangazi alikuwa amepaka nta sakafu na hakutaka kuona kiatu. Katikati alinyamaza kidogo, akapuliza vidole vyake, akaendelea. Majani yalipoanza kupukutika, vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vimekufa ganzi, na fidla ikatundikwa ukutani. Katika maisha yake yote mzee hakuwahi kujisikia akipiga. Odette alimwahidi kwamba Jumamosi, baada ya misa, angejisikia, na shangazi, ambaye siri kwake ni kitu cha kutangazwa polepole, akaalika parokia nzima ukumbini.

"Haya, tupimane," alisema Odette. "Nitakupigia mara mbili. Wewe utuambie ipi kamili na ipi imetafunwa."

Thornton alifumba macho, akainua kidole mfano wa askofu anayebariki mashua. Odette akapiga kipande cha kwanza, kisha cha pili.

"Ya kwanza," alinena Thornton. "Ah! Naisikia hewa ikipita kati ya nyuzi. Hii ya pili, pthu! Kadibodi iliyolowa maji."

Odette akamgeuzia kompyuta. Vipande vyote viwili vilikuwa faili moja, MP3 ndogo kuliko zote alizoweza kutengeneza. Fergus alicheka hadi akaangukia mabegi, akaibuka na soksi ya mtu begani. Alipoigusa akagundua kwamba imeloa, na kicheko kikamkauka.

Thornton alikuwa amelelewa vizuri, kwa hiyo aliimeza aibu yake bila kutafuna. "MP3, basi. Lakini kicheza sauti nachagua mimi."

Alichokichagua kilitoka kwa kampuni fulani iliyokigawa bure. Unanakili mistari michache, unaipachika kwenye ukurasa wa tovuti yako, kazi imekwisha. Odette alitaka kile cha kawaida ambacho kila kivinjari huja nacho, cha kijivu, chenye kitufe kimoja.

"Kinafanana na rimoti ya nyumba ya wazee," alisema Thornton. "Tazameni hiki."

Akawafungulia kwenye kompyuta yake. Ilibidi wakiri: mawimbi ya sauti yalipanda na kushuka kama vilima vya dhahabu, na wimbo ulianza wenyewe bila kubonyezwa. Odette alikitafutia kasoro, hakuiona, akajichukia kwa kukipenda.

"Kura," alisema Thornton.

"Nisamehe, dada," alisema Fergus, mkono juu. "Vilima vinapendeza."

Jumamosi mchana timu ilikuwa uwanjani kwa mechi. Odette alikuwa kwenye kibanda cha chakula kando ya barafu, akila chipsi, simu yake ilipolia.

"Odette, mwanangu," ilisema sauti ya Shangazi Léonie, ya chini na ya hatari. "Huyu mwenye ukucha ni nani?"

"Ukucha gani, shangazi?"

"Unaniuliza mimi? Tumeuonyesha ukurasa wenu ukutani, pale tunapoweka maneno ya nyimbo za kanisa. Fidla imeanza vizuri, watu wametulia, babu yako kaweka mkono sikioni. Ghafla, kidole cha mguu! Kimoja, ukubwa wa mlango wa banda! Ukucha wa manjano, unabanduka, na mwanamume anatueleza kwa furaha kinachotoka chini yake. Mwanangu, tulikuwa tunakula madonge ya viazi."

Odette aliyajua madonge hayo: ya kijivu, ya kuteleza, na nyama ya nguruwe katikati. Aliisukuma mbali sahani yake ya chipsi.

"Padri ameweka uma chini," shangazi aliendelea. "Madame Cormier ametoka nje, na hatukumsikia akirudi. Tumefungua upya, ukucha tena. Mara ya tatu, ukucha!"

"Na babu?"

"Amevaa koti. Anasema mmemfanyia mzaha wimbo wa baba yake. Anataka kwenda zake."

"Mzuie, shangazi! Mpe chakula."

"Nani atakula, baada ya ukucha ule?"

Odette alifungua ukurasa kwenye simu yake. Vilima vya dhahabu vilimeremeta, fidla ikalia kidogo, kisha kidole kikajitokeza na unyevu wake wote. Kampuni haikugawa vilima vyake bure hata kidogo. Alikimbia.

Kipenga cha mapumziko kilikuwa kimelia, na Thornton alikuwa akiingia kwenye chumba cha vifaa, anatoa mvuke kama chungu cha makongoro.

"Nipe nenosiri la tovuti. Kicheza sauti chako kina matangazo."

"Hakina. Nimekijaribu mwenyewe mara nyingi."

Odette alimsogezea simu hadi ikagonga vyuma vya kofia yake. Thornton alitazama. Rangi ilimtoka usoni, ikarudi, ikaondoka tena.

"Kwenye kompyuta yangu hakijawahi..." Akasita. "Nina kizuia matangazo."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoinunua."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa hekima ya mwenyekiti. Alikuwa ameonja chakula cha watu huku ameziba pua, akawahakikishia kwamba hakinuki.

"Nenosiri, Thornton. Babu yangu ameshavaa koti."

Alilinong'ona.

"Sikusikii."

"SikioLaDhahabu," alisema Thornton, na wachezaji wote chumbani wakageuka. Kesho yake hapakuwa na mtu shuleni aliyemwita kwa jina jingine.

Odette alikalia ile ndoo yake, kompyuta mapajani, simu begani. Alifuta mistari ya kampuni yote, akapachika kile cha kijivu, akahakikisha hakiwezi kuanza chenyewe.

"Shangazi, fungua tena ukurasa."

"Sithubutu."

"Fungua!"

Alisikia kiti kikiburutwa, na mtu akisema asiwaonyeshe watoto. "Kuna kitu cha kijivu," alisema shangazi. "Kibaya."

"Ndicho chenyewe. Kibonyeze, kisha uiweke simu mezani."

Fidla ikaanza. Ilifika masikioni mwa Odette ikiwa nyembamba, imetafunwa na MP3, ikatafunwa tena na simu, na hakuna aliyelalamika. Alibana pumzi. Ulifika ule ukimya wa kupuliza vidole, na ukumbi wote ukanyamaza nao. Wimbo uliporejea, Odette alisikia kitu ambacho hakikuwemo kwenye faili: kisigino na ncha ya kiatu, kisigino na ncha, vikigonga sakafu ya mbao sambamba na fidla, kama wanavyogonga wapigaji wote wa kwao wakiwa wamekaa. Jikoni miguu hiyo ilikuwa ndani ya soksi. Sasa ilikuwa na viatu. Iligonga hadi noti ya mwisho, kisha mara moja zaidi kwa kusisitiza.

Simu ilikwaruza, ikachukuliwa.

"Odette."

"Naam, babu."

"Fidla si mbaya. Miguu ndiyo iliyopungua. Nimeitia mwenyewe."

"Nimeisikia, babu."

"Koti nimelivua. Tutausikiliza tena." Akashusha sauti. "Na yule mwenye ukucha, ni mtu wenu wa shule?"

"Hapana, babu. Hatumjui."

"Mwambieni aende kwa daktari. Ule hauponi kwa kuongea."

Odette akacheka kwa sauti, akasahau alipo, akavuta kwa pua pumzi ndefu, iliyojaa, ya chumba kile chote.