Seji ya Kalunde

Kalunde wa Ndithini alikuwa amechoka, na si uchovu wa jembe. Katika mizinga sita aliyoachiwa na marehemu mumewe, Musau, mitano ilikuwa mitupu. Kila kiangazi maua yakishakauka, nyuki hufunga safari wasirudi. Huu wa sita nao ukihamwa, basi kazi ya Musau imekwisha, na Kalunde hakuwa tayari kuizika pamoja naye.

Ndiyo maana alipanda seji ya Kirusi. Muuza miche wa Athi River alimweleza kwamba ua hilo la zambarau hupenda jua kali na udongo mbovu, na huchanua wakati mengine yameshakata tamaa. Likishashika mizizi usilimwagilie, alionya, litaoza. Kalunde alicheka. Kwani Ndithini kuna maji ya kumwaga? Akapanda miche minane juu ya tuta la mchanga na kokoto, karibu na mzinga.

Kufikia Juni, saba ilikuwa imekufa. Imeoza shinani, jamani, kwenye nchi ambayo hata mihogo inasinyaa kwa kiu! Mwenye kosa alijulikana: mama mkwe wake, Mbithe, bibi wa miaka themanini, ambaye kila asubuhi alitoka na kikombe mara kadhaa kuinywesha. Kwa Mbithe, anayefika nyumbani hupewa maji kwanza, maswali baadaye, na mche uliotoka mbali ni mgeni kama mgeni mwingine.

Kalunde alimweleza polepole. Akamweleza tena Jumapili baada ya misa, safari hii kupitia katekista. Mzee aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, na kesho yake udongo ulikuwa umelowa. Kalunde akazungushia miiba. Mzee akapitisha mkono, ukachanika. Sasa utamfokea vipi mama mkwe? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, Kalunde alinung'unika jikoni, na huyu ana miezi mitano bado ananyweshwa tu. Akaligonga sufuria kwa mwiko mpaka kuku wakatawanyika.

Mche wa mwisho ulikaidi. Agosti ulirefuka, ukachanua, na nyuki wakauvamia tangu jua linachomoza. Kutoka kwa huu mmoja angekata vipandikizi vya kujaza mteremko mzima. Kalunde alisimama pale akiwatazama, akafurahi mpaka akaogopa.

Wiki hiyohiyo Mbithe alianguka mlangoni. Muuguzi wa zahanati alisema mwili umekauka, akauliza mzee hunywa maji kiasi gani. Kalunde alishangaa, maana maji huletwa na punda kutoka kisima cha mbali, na yeye mwenyewe humpimia mzee jagi lake kila siku. Walipobaki wawili, Mbithe alisema.

"Maji ya punda ni yako na ya mbuzi. Mgeni nilikuwa nampa yale yangu."

"Yote, mwaitu, mama yangu?"

"Kikombe kimoja nilikuwa nabakisha."

Kalunde alishikwa na hasira. Alimkasirikia mzee, akalikasirikia ua, akamkasirikia hata Musau kwa kufa na kumwachia haya yote. Akamwambia mama mkwe wake kwamba tangu leo atakunywa mbele ya macho yake.

Kesho yake Mbithe alikunywa maji yote. Mchana Kalunde akamkuta amejikokota hadi kwenye tuta, amepiga magoti, kikombe mkononi.

"Leo ni uji," mzee alisema. "Maji umenikataza."

Kalunde aliwaza vipandikizi. Navyo mzee angevinywesha. Akalishika shina kwa mikono miwili, akavuta, likatoka na mizizi yake yote, nyuki wangali kwenye maua.

"Mgeni ameenda, mwaitu. Kunywa uji wako."

Mbithe alikaa palepale mchangani, akanywa huku machozi yakimtoka. Kalunde alisubiri mpaka kikombe kikaisha. Jumamosi iliyofuata aliweka sikio kwenye mzinga, na ndani hamkuwa na sauti.