Mlio wa Pili

Wanaume wa Pattada, kijiji cha wachungaji na wafua visu, hujisifu kwamba wamezaliwa na kisu mfukoni. Grascia alizaliwa ndani ya karakana ya visu yenyewe, na hakuna aliyemsifu kwa hilo. Tangu baba yake afariki alikuwa akifua chuma pamoja na baba yake mdogo, Bainzu, na kila kisu alichokitengeneza kilitoka mlangoni na chapa ya Bainzu. Alipoomba apige chapa yake mwenyewe, mzee alicheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu, mchungaji gani atabeba kisu chenye jina la mwanamke? Kondoo wenyewe watamcheka."

Grascia akaitikia kwa upole, akarudi kwenye fuawe. Waliomjua wangeanza kuogopa hapo.

Siku ya kukata manyoya ikafika kwa Totoni, jirani yao mwenye kondoo wengi na vituko vingi zaidi. Kazi ilipokwisha, wanaume waliketi mbele ya nyama iliyochemshwa na viazi, mikate mikavu na divai nyekundu. Visu haviwekwi mezani kule. Kila mwanaume hutoa chake. Wala hakuna akataye kabla ya mkubwa wao, na mkubwa siku hiyo alikuwa Bainzu.

Kabla hajatia mkono mfukoni, Totoni akamwekea kiganjani kisu cha kukunja. Mpini ulikuwa pembe ya kondoo dume, na ubavuni mwake umekaa mtambo wa gobori la mababu, umepunguzwa ukawa sawa na kidole gumba: nyundo iliyouma kipande cha gumegume, jiwe la kutoa cheche, kibamba cha chuma mbele yake, kifyatulio chini.

"Mzee, wewe ndiye fundi. Hebu tuambie, hii kazi ya nani?"

Bainzu alikigeuza, akakinusa. "Kazi ya zamani hii! Mafundi wa namna hii walishazikwa. Oneni mtambo huo, mkono wa mwanaume kabisa!"

Grascia, aliyekuwa akigawa mikate, aliinamia kapu kuficha uso wake.

"Nyama hii naianza kwa kisu hiki," mzee akatangaza. "Changu leo hakitoki mfukoni."

Akavuta nyundo. Ka! Akabonyeza kifyatulio, hakikusogea. Akajaribu kuchokonoa bapa kwa kucha, halina pa kushika. Kisu kikazunguka meza nzima, na kila mmoja alivuta nyundo mpaka ka, akabonyeza, akaguna.

Wote walikuwa wawindaji, na hilo ndilo lililowaponza. Walifundishwa kwa makofi tangu wadogo kwamba mbele za watu mtambo huvutwa mlio wa kwanza tu, ambapo bunduki haifyatuki hata ukibonyeza. Mlio wa pili ni wa msituni, nguruwe mwitu akiwa mbele yako. Mtoto wa mjini angevuta mpaka mwisho bila kufikiri. Hawa vidole vyao vilikataa, nao wakasingizia kutu.

"Mzee, toa chako tule bwana, mchuzi unaganda!" mmoja akalalamika.

"Nimesema hakitoki! Mimi si mtu wa kauli mbili."

"Basi kula hiyo kauli yako, sisi tuachie nyama."

Grascia akaweka kapu chini. Kama mzee angekasirika sasa, asingepata chapa maisha yake yote. "Baba mdogo, nikikifungua, utamtambua fundi wake mbele ya hawa?"

"Marehemu nimtambue ili iweje?"

"Wewe mtambue tu."

"Mtambue!" wenye njaa wakapiga kelele. "Mtambue huyo marehemu tule!"

"Haya, namtambua! Ni fundi kuliko sisi sote. Mmeridhika?"

Grascia akakichukua. Akavuta nyundo: ka! Akaendelea kuvuta: kaa! Wanaume wakarudi nyuma na viti vyao, mmoja akajitupa chini ya meza na divai yake mkononi. Akabonyeza. Cheche ikaruka, bapa likachomoka, likameta juu ya nyama. Shinani pa bapa, mahali palipofichwa na mpini, iligongwa chapa: jina la Grascia, herufi zote.

Totoni, aliyeijua siri tangu mwanzo, alicheka mpaka akashika nguzo. Wengine walimtazama Bainzu, hawajui kama wacheke au wakimbie.

Mzee alikiinua kisu karibu na macho, akasoma. Akasoma tena. Kisha akakata nyama, kipande kinono cha kwanza, kile cha mkubwa, akakiweka juu ya mkate wa Grascia.

"Chapa yako imepinda," alisema kwa ukali. "Ni aibu. Kesho nitakufundisha kuinyoosha, halafu uipige kwenye visu vyako vyote."