Chai ya Asubuhi Mbizi

Siku mume wangu Clemens alipotutoka, alikuwa amejilaza ndani ya gari akipima kitanda. Aliniambia nipike uji wa ulezi wakati yeye anaangalia kama miguu inafika mwisho bila kukunjwa. Nilipomwita hakuitika. Nikaenda na kikombe mkononi, nikamkuta amelala chali, viatu amevivua na kuvipanga mlangoni kana kwamba ameingia nyumba ya watu. Daktari alisema ni moyo. Miguu ilikuwa imefika vizuri.

Gari lenyewe ni Haisi kuukuu. Mume wangu alibeba nalo abiria wa njia ya Mpanda mpaka likachoka, kisha akang'oa viti vyote vya abiria na kuanza kulijenga upya liwe gari la kulala. Majirani zetu wa Pito walimcheka. "Clemens, una nyumba ya bati, unataka kulala garini kama mkimbizi?" Naye akawajibu, "Miaka yote nimewashusha watu mahali pazuri, nikageuza gari nikarudi. Safari hii nashuka na mimi."

Kilichompa moyo ni betri. Zile za asidi alizozijua tangu utoto zilikuwa nzito, zinataka kuongezewa maji, na ukizitumia zaidi ya nusu zinaharibika. Meshack, fundi umeme wa mtaa wa Majengo aliyehamia kutoka Mbeya, alimwonyesha betri mpya ya lithiamu. Unaibeba mwenyewe kwa mikono miwili, unaitumia karibu yote, kesho jua linaijaza tena kupitia paneli iliyo juu ya gari. Inachemsha maji, inapika maharage kwenye jiko la presha la umeme, na haina kelele ya jenereta. Clemens alirudi nyumbani akiisimulia kama mtu aliyeona kanisa jipya. "Mama Sharon, tutakaa juu milimani Mbizi tukila maharage bila kuokota hata kijiti."

Baada ya misa ya arobaini ndugu walikaa kugawa vitu vya marehemu. Shemeji yangu Adolfu, kaka mkubwa wa Clemens, alilitaka gari. Hakuwa na ubaya. Mahindi yalikuwa yamekauka shambani na hakukuwa na chombo cha kuyaleta.

"Ng'oa vitanda, liingie kazini," alisema. "Gari halikai uani kama mbuzi wa kafara."

Sikuwa nimezoea kusema mbele ya wazee wa ukoo, lakini nilisema. Niliomba twende Mbizi kwanza, tulale kama Clemens alivyokusudia. Jioni maharage yakiiva na asubuhi chai ikapatikana, bila kuni na bila mkaa, gari libaki kwangu. Ikishindikana, alichukue na vitanda ving'olewe.

Wifi yangu Fransiska akacheka. "Kaka Adolfu, kubali. Ukishindwa utakuwa umekula maharage ya bure."

"Nikishinda nitakupa debe la kwanza la mahindi, na wewe uache kelele."

Tulipanda Mbizi mwezi wa saba, Adolfu akiendesha. Tuliegesha pembeni ya msitu, kwenye majani, mahali unapoona uwanda wote wa Ufipa umejaa matuta. Maharage yaliiva kabla jua halijazama. Adolfu alikula sahani mbili, akasema tu kwamba chumvi imezidi. Kisha akajifunga blanketi, akalala kiti cha mbele. Mimi na Fransiska tulilala nyuma, tukimzungumzia Clemens mpaka usingizi ukatuchukua. Sikuwa nimelala vizuri hivyo tangu afariki.

Asubuhi majani yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Niliweka birika, nikabonyeza. Kimya. Maharage na taa vilikuwa vimemaliza chaji ya betri. Hilo halikunitisha, kwa sababu jua lilikuwa limeshatoka na paneli ilikuwa inang'aa. Lakini kile kioo kidogo kinachoonyesha umeme unaoingia kilisimama kwenye sifuri. Tulingoja jua lipande. Bado sifuri.

"Imekufa," Adolfu alisema. Hakufurahi alivyopaswa kufurahi. "Vitu hivi vya kisasa havipendi baridi ya kwetu. Pole, shemeji."

Nilimpigia Meshack simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Meshack, betri haipokei chaji."

"Mko wapi?"

"Mbizi. Kuna sakitu."

"Aa, basi haijafa, imegoma. Betri hiyo ikipoa sana inakataa chaji ili isiharibike. Kwani mmeiweka wapi?"

"Nje, chini ya gari, kwenye boksi. Clemens ndiye aliyeifunga."

Meshack akacheka taratibu. "Mzee wetu! Nje kwa nini?"

Nilijua kwa nini. Kila nyumba ya Pito iliyowahi kupiga redio kwa betri ya gari inajua. Betri ililala barazani, kwa sababu asidi inanuka na inakula shuka. Kwetu betri hailali na watu.

"Hiyo haina asidi, mama," Meshack alisema. "Lala nayo tu. Iingizeni ndani, ipate joto polepole, msiiweke karibu na moto."

Nilimgeukia Adolfu. Angeweza kusema chai imeshindikana na gari ni lake. Alichukua spana, akalala chali kwenye majani yenye baridi, akaingia chini ya gari. Alikaa huko muda mrefu. Boksi lilikuwa limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli, umezungushwa na kukazwa namna wanavyofunga magunia nyumbani kwao.

"Shemeji, umekwama?" niliuliza.

"Hapana." Alijibu akiwa bado chini ya gari. "Nilimfundisha mimi kufunga hivi. Alikuwa hajaanza hata shule."

Alipotoka na betri kifuani hakutaka kusaidiwa. Akaiweka juu ya kitanda, akarudi kuunganisha nyaya. Fransiska akaifunika kwa blanketi na kukaa karibu nayo.

"Mtoto ana baridi," alisema. "Baba mkubwa, mwimbie."

"Nyamaza wewe," Adolfu alisema, lakini alikuwa anacheka.

Tulifunga milango, jua likatupasha kupitia vioo. Tulikula viazi vilivyobaki. Baadaye Fransiska akapiga kelele na kunyoosha kidole. Kile kioo kilikuwa kinahesabu.

Birika lilipochemka bado ilikuwa asubuhi, ingawa si mapema. Niliwamiminia. Adolfu alishika kikombe kwa viganja vyote viwili, akatazama uwanda ulivyokuwa unaondokewa na ukungu.

"Kumbe hapa ndipo alipotaka tufike," alisema. Akanywa. "Mahindi nitakodi trekta."

Gari liko uani kwangu. Nimelishonea mapazia ya kitenge, na Ijumaa tunakwenda Kalambo kuona maporomoko. Adolfu ndiye dereva.