Pasi Nyepesi

Genivaldo alikuwa amepiga pasi mashati ya wageni maisha yake yote katika hoteli moja ya mjini Salvador, na hakuona ni nani angemfundisha pasi ni nini. Kwa hiyo msichana wa dukani alipomwekea mkononi pasi ya kunyooshea nywele, nyeusi, nyembamba, yenye waya mrefu, aliipima kidogo na kuirudisha mezani.

"Nyepesi kama kijiko."

"Hiyo ndiyo wanayotumia wasusi wenyewe, mzee wangu."

"Na ile ya rangi ya waridi?"

"Ile ni ya bei rahisi. Ya nyumbani, mtu akiwa na sherehe yake."

Genivaldo akainyanyua. Hii ilikuwa na uzito. "Binti, pasi isiyo na uzito ni ya kuchezea watoto. Nifungie hii."

"Sawa. Ila hiyo ni ya umeme wa hapa tu. Ile nyeusi inakwenda popote."

"Umeme ni umeme," alisema, akapachika kifurushi kwapani na kuondoka.

Pasi ile ilikuwa ya mjukuu wake, Rosilene, aliyekaa na mama yake mjini Recife. Jumamosi msichana huyo angejaribiwa katika saluni ya Bi Ivonete, au Dona Ivonete kama wenyeji walivyomwita. Akifaulu, angepewa kiti chake mwenyewe. Ila Dona Ivonete alikuwa na sharti: kila msusi aje na pasi yake, kwa sababu pasi ya wote ikianguka haina mwenyewe. Rosilene alikuwa amejifunza kazi kwa pasi za kuazima, na babu yake alipoahidi kumletea, alilia kwenye simu.

Genivaldo alishuka kwenye basi asubuhi ya Jumamosi, mgongo umekakamaa. Ulikuwa mwezi wa Juni, na mvua ya Recife ilikuwa haijui kukatika. Nyumbani walimpa kahawa, yai na kuskusi ya mahindi, na kabla hajameza tonge la pili Rosilene alikuwa ameshafungua kifurushi.

"Ya waridi! Babu, wewe!" Kama alitarajia nyingine, hakuonyesha. Akaichomeka ukutani ili aijaribu kwenye nywele zake.

Taa yake ndogo iliwaka, ikazidi kuwaka. Ukasikika mlio kama bisi zinapopasuka, kisha moshi ukapanda na harufu ya plastiki ikajaa jikoni.

"Baba," alisema Cleonice, mama yake Rosilene, akichomoa waya haraka, "umeinunua Salvador?"

"Ndiyo."

"Umeme wa kule ni karibu nusu ya wa huku! Umesahau redio niliyohamia nayo? Ilikufa siku ya kwanza!"

Genivaldo alitazama sahani yake. Angeweza kumlaumu aliyeitengeneza. "Muuzaji aliniambia," alisema. "Sikumsikiliza."

Rosilene akainuka, akatia mfukoni brashi yake na vibanio. Mlangoni akageuka. "Mama, nipe soksi yako moja, ile ndefu ya kanisani."

Genivaldo akamfuata na mwavuli mpaka saluni.

"Pasi iko wapi?" aliuliza Dona Ivonete, mwanamke mnene mwenye miwani ya kuning'inia kifuani.

"Imeungua, Dona Ivonete."

"Basi na jaribio limeungua nayo."

"Labda ana ya mkaa!" alisema msusi mmoja, Taciana, na wenzake wakacheka.

Mteja aliyekuwa kwenye kiti, Dona Marluce, hakucheka. Alikuwa akienda kusimamia harusi. "Mimi nimeshaoshwa kichwa. Mnataka niingie kanisani kama paka aliyenyeshewa?"

"Harusi ni saa ngapi, dona?" aliuliza Rosilene.

"Saa kumi."

"Basi muda tunao. Nitazinyoosha kwa brashi na upepo wa moto, halafu nizizungushie kichwani nizifunge na soksi, kama bibi zetu."

"Soksi!" Dona Marluce akapiga paja. "Mama yangu alinifunga hivyo kila Jumamosi. Nilifanana na mwizi wa benki! Haya, funga."

Dona Ivonete akainua mabega. "Kichwa ni chake."

Rosilene alivuta nywele fungu kwa fungu, brashi mkono huu, kikaushio mkono ule, mpaka jasho likamtoka. Kisha akazilaza kuzunguka kichwa kama kilemba, akabana, akavika soksi. Baadaye akazifungua, akazizungushia upande wa pili, akazipitishia tena upepo wa moto na kuzifunga.

"Zimekauka, fungua," alisema Dona Marluce, akiangalia saa ya ukutani.

Mkono wa Rosilene ukaenda kwenye kibanio.

"Bado!" Sauti ilitoka mlangoni, aliposimama Genivaldo na mwavuli wake. Wote wakageuka. "Samahani. Shati ukilivaa na moto wa pasi linajikunja kabla hujafika barabarani. Lipoe kwanza, likiwa limelala."

"Mzee naye anataka kiti?" aliuliza Taciana.

"Sitaki kiti, dada. Nataka zipoe."

Rosilene akagusa soksi kwa kiganja. Bado ilikuwa na joto. "Mleteeni dona kahawa," alisema, na kwa mara ya kwanza alisema kama mtu mwenye kiti.

Zilipopoa, akafungua. Nywele zikashuka mabegani kwa pamoja, nyoofu, zikang'aa. Dona Ivonete akamshika Dona Marluce mkono, akamtoa mpaka kibarazani kwenye unyevu wa mvua, akamsimamisha hapo huku akizitazama nywele. Hazikujikunja.

"Jumatatu," alimwambia Rosilene. "Lakini wateja wangu hawangoji soksi. Uje na pasi."

Duka la pasi za nywele lilikuwa kona ya pili. Mkono wa Genivaldo ulikwenda wenyewe kwenye pasi nzito kuliko zote.

"Babu, wewe shati unalikandamiza mezani, uzito unakusaidia. Mimi meza sina. Nakamata nywele hewani, asubuhi mpaka kufunga. Hebu inua."

Akaiinua usawa wa kichwa, akangoja. Bega lilianza kulalamika, kisha mkono ukaanza kushuka. Akachukua nyeusi nyepesi, kama ile ya Salvador, na kuishikilia hivyohivyo. Bega halikulalamika.

"Inakula umeme wa hapa na wa Salvador?" alimuuliza muuzaji.

"Wa popote, mzee."

"Rudia, mjukuu wangu asikie." Akatoa fedha zilizobaki za safari, alizokuwa amepanga kununulia viatu. Viatu vingengoja.

Jioni ile aliomba pasi ya nguo ya Cleonice, nzito, ya zamani, akanyoosha aproni nyeupe ya Rosilene ya Jumatatu. Rosilene aliponyoosha mkono kuichukua, akamzuia.

"Bado," alisema, akaitandika juu ya kiti. Rosilene akacheka, akaketi kando yake kungoja ipoe.