Maji ya Kwanza ya Paa

Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iliunyeshea mtaa wa Kinanira saa nane mchana, na Sijaona akaugeuza mfereji wa paa usimimine tankini. Ndiyo desturi ya nyumba ile: maji ya kwanza huosha bati, hushuka na vumbi na mavi ya ndege, na mwenye nyumba, Madame Daphrose, hakutaka yaguse waridi zake. Yakakingwa kwenye bidoni, dumu la plastiki.

"Beba kwako," Madame alimwambia mtumishi wake. "Si unasemaka robine yenu imekauka?"

Sijaona akashukuru. Kwao Musaga bomba lilikuwa kavu toka Ramadhani, na asiye na chake husema asante hata kwa taka. Aliyachemsha, lakini makaa yakaisha kabla hayajatokota. Binti yake Kudra alikunywa, akaharisha, na juma halikwisha akazikwa. Uchungu ulimkata Sijaona maini. Jumatatu alirudi kazini.

Mvua iliyofuata ilimleta Kudra. Aliteremka na maji ya mfereji, miguu mbele, akaingia tankini akakaa. Mama yake alipofunua kifuniko achote maji ya bustani, alimkuta amelowa, anatafuna kucha kama kawaida yake.

"Mama, huku baridi."

"Toka, mwanangu, twende nyumbani."

Madame alikuja kuchungulia. Alimsalimu mtoto, kisha akayatazama maji. Yalikuwa safi, tena yamechotwa tangu asubuhi na hayajapungua.

"Apana, Sijaona, muache kwanza. Tangu amekuja maji haiishi. Kwako atafanya nini?"

Akatia kufuli, na ufunguo akautundika shingoni pamoja na rozari yake.

Kiangazi kizima waridi zilichanua kubwa kama sahani, majirani wakaja kuomba vipandikizi. Sijaona aliomba arudishiwe mtoto wake hadi ulimi ukamkauka. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Aliruhusiwa kuzungumza naye kupitia bomba la chini ya tanki, mradi anamwagilia.

Mvua ya kwanza ikarudi. Sijaona akaugeuza mfereji, bidoni ikajaa. Nyumbani alibaki na Khaled, mtoto wake wa mwisho, na bomba la Musaga halijatoa hata tone.

"Beba kwako," alisema Madame.

Tanki likagongwa kwa ndani.

"Mama, usimupe Khaled."

"Merci, Madame," alisema Sijaona, akaweka ngata kichwani, akajitwisha.