Mishono Mitatu Kiunoni

"Bana tena, Kaka. Ona, bado ngumi inapita."

Mwashi alikuwa amesimama juu ya stuli, mikono kichwani, suruali inamteremka nyongani. Kaka yake, Fundi, alikuwa amepiga goti mbele yake na pini nne mdomoni, na heri pini zilikuwepo, maana maneno aliyokuwa nayo hayakufaa kusemwa mbele ya mkewe. Ilikuwa mara ya pili mwaka huu mdogo wake kuja kupunguziwa kiuno. Mara ya pili! Na kila akija, anakuja anapiga mluzi.

"Shemeji umerudia ujana," alisema mke wa Fundi kutoka mlangoni, alikokuwa akishona vifungo vya mashati ya watu.

Pini ikamchoma Mwashi ubavuni.

"Aah! Kaka!"

"Tulia basi. Unatikisika."

Hakuwa ametikisika hata kidogo. Ulikuwa wivu, tusizunguke. Hawa wawili walizaliwa tumbo moja na wakapata ugonjwa mmoja: moyo unaopiga ovyo, mara mbio, mara unaruka pigo. Mwaka jana walilazwa wiki moja, wodi moja, wakashtuliwa moyo kwa umeme, na wote wawili wakatoka na mapigo yaliyonyooka. Wa Mwashi umetulia mpaka leo. Anapanda jukwaa, anapanga matofali, anashuka anataka chakula. Wa Fundi ulitulia miezi minne. Kisha asubuhi moja, akipiga pasi kola, ukaanza kupapatika kifuani kama kuku aliyeshikwa miguu, na haujaacha. Sasa akikanyaga cherehani dakika kumi ni lazima apumzike. Suruali aliyokuwa akiimaliza kabla ya mchana inalala mezani hadi kesho yake, na wateja wameanza kuulizia mafundi wengine.

Siku hiyo saa nane alikuwa na miadi. Daktari hakukataa kumshtua moyo tena, ila alisema wazi: "Nikiunyoosha bila kujua kinachouharibu, utarudi vilevile. Jaza fomu hii, usinifiche kitu." Fundi aliijaza jana yake, kwa mwandiko mzuri. Pombe? Hapana. Unakoroma? Hapana. Dawa za presha unameza kila siku? Ndiyo. Umeongezeka uzito, nguo zinakubana? Hapana kabisa. Daktari huyohuyo hachoki kumtaja Mwashi. "Mdogo wako yule, mgonjwa wa kuigwa." Basi na yeye, aliye mkubwa, alitaka aigwe.

"Shuka. Vua," alisema. "Vaa ile yangu pale ukutani nikushonee hii."

Mwashi akaenda nyuma ya pazia. Kikasikika kicheko, kisha kicheko kikakatika. Akatoka ameishika suruali ya kaka yake kwa mikono miwili, maana ingeweza kumeza watu wawili, na amekipindua kiuno cha suruali nje.

"Kaka, hii umeifumua mara ngapi?"

"Kufumua nini?"

"Njoo uone." Mwashi alikuwa na jicho la kazi yake, ukuta ukiongezwa anajua umeongezewa wapi. Akapitisha kidole. Nyuma ya kiuno palikuwa na mistari mitatu ya matundu ya sindano, mmoja ndani ya mwingine, na baada ya hapo kipande cha kitambaa kingine kilichopachikwa, rangi imekaribiana lakini si yenyewe. "Moja, mbili, tatu. Halafu umeunga."

"Zilikuwa zinabana kidogo."

Mwashi akatupa jicho kwenye fomu iliyolazwa wazi mezani. "Na kwenye fomu umeandika hazibani."

"Hazibani! Zinanikaa vizuri tu!"

Na hapo hakuwa anadanganya. Mtu mwingine suruali ikimkataa, anajua amenenepa. Fundi ikimkataa, anachukua wembe, anafumua, anaachia inchi moja, anapiga pasi, yamekwisha. Mkono ulifanya wenyewe, bila kumuuliza mwenye tumbo. Mwaka mzima nguo zilimkaa.

Mkewe akaanza kucheka, akaacha. "Na kukoroma umeandika nini?"

"Sikoromi."

"Baba, mimi nalala kwenye kochi tangu lini? Unakoroma mpaka sahani kabatini zinalia. Sahani si neno. Unakoroma, halafu kimya. Kimya kirefu, hakuna pumzi. Natoka kwenye kochi nakuja kukutikisa." Sindano ikasimama juu ya kifungo. "Naogopa, ujue. Naogopa sana."

Fundi akatema pini mezani.

"Haya! Mimi ndiye mbovu, huyu ndiye dhahabu! Tumenyonya ziwa moja, kwa nini wake utulie, wangu urudi? Namwonea wivu, ndiyo, nimesema! Nikimwona anapanda ngazi natamani ateleze. Hata ile mashine ya kumsaidia kupumua usingizini kapewa yeye. Mimi mkubwa sikupewa!"

"Nilipewa kwa sababu nilisema nakoroma," alijibu Mwashi.

Mwashi akakaa kwenye stuli, kiuno cha suruali bado amekikunja mkononi.

"Na bia nilisema. Tano kwa siku. Muuguzi akanitazama, nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Unafikiri nafurahi? Nikipita pale baa ya kona wenzangu wananiita mchungaji, eti nimeacha kunywa. Nalala na bomba usoni, shemeji yako anasema ameolewa na tembo."

Fundi hakucheka. Wivu haukumtoka, ulizidi, maana sasa hakuwa na wa kumlaumu. Akaivuta fomu yenye mwandiko wake mzuri.

"Leta kalamu," alimwambia mkewe.

Akakata *hapana* ya kwanza. "Pombe, ndiyo. Chupa mbili."

Mkewe akakohoa.

"Tatu. Jumamosi sita." Akaandika. "Dawa... nikijisikia vizuri naruka. Andika wewe."

Mkewe akaandika. Fomu ikachafuka, mistari juu ya mistari, mpaka majibu mengine yakahamia pembeni. Kwenye uzito, Fundi akajizungushia futi tumboni mwenyewe, kwa mara ya kwanza, akasoma, akasoma tena, akamtajia namba kwa sauti ya chini. Saa saba na nusu wakatoka, Mwashi ndani ya suruali ya kaka yake, ameifunga kwa kipande cha lastiki.

Hospitali ilikuwa juu ya mteremko. Walipofika katikati, kifua cha Fundi kikaanza vituko vyake na miguu ikawa mizito. Mbele yake mdogo wake alikwea bila hata kufungua mdomo. Fundi alimchukia mgongo, akamchukia visigino. Asingesema "nisubiri," hata afe pale.

Mwashi akapiga goti ghafla kando ya barabara, vidole vikihangaika kwenye mguu wa kulia.

"Samahani Kaka, kamba ya kiatu."

Fundi akashika ukuta wa nyumba ya watu, akavuta pumzi, akavuta nyingine. Kisha akatazama chini. Mdogo wake alikuwa amevaa ndala.

Tusi lilimfika kwenye ulimi. Akalimeza.

"Ukimaliza," alisema, kifua kikipanda na kushuka, "funga na cha kushoto."