Dakika Ishirini na Tano hadi Tari

Wandime ndiye aliyemshawishi mama mkwe wake apande ndege. Barabara ya kutoka Mendi ilikuwa haipitiki, koo mbili zikipigana darajani, na bibi Hiwabe, aliyekwama huko, alitaka kurudi kwake Tari. Aliposema kwenye simu kuwa anaogopa, Wandime alimcheka. Yeye alifanya kazi uwanja wa ndege wa Tari, akipima mizigo na kuongea na marubani kwa redio.

"Mama, ni kilomita themanini na tano tu. Dakika ishirini na tano. Hata kiazi kwenye jivu hakiivi."

Saa nne kasorobo asubuhi Mendi walimwarifu kuwa ndege imeruka na abiria saba. Saa nne na robo wingu lilikuwa limeziba pengo la milima, mahali ndege hupita. Wandime aliita kwa redio. Kimya. Akaita tena.

Nje ya uzio jamaa za abiria walikuwa wamekaa majanini, na mumewe Tabe miongoni mwao. Tabe akaja dirishani kuuliza. Wandime akamwambia ndege imechelewa kuondoka. Hakujua uongo ule ulitokea wapi. Alichojua ni kwamba mafuta ya ndege yalikuwa ya saa moja na nusu, basi.

Saa tano ikapita. Saa tano na robo ikafika, nayo ikapita. Wandime alikaa akiitazama redio. Nje mtu alicheka, na kicheko kile kikamchoma.

Karibu saa sita simu ililia. Alikuwa mchungaji wa kanisa la Margarima, ng'ambo ya pengo, amepanda kilima kutafuta mtandao. Ndege ilishindwa kuvuka pengo, ikageuka na kutua kwenye kiwanja chao cha majani. Wote wazima. Kisha sauti ya bibi Hiwabe ikaingia.

"Dakika zako nimezimaliza, mwanangu. Sasa nakuja kwa miguu."

Wandime alimsihi, akamtajia baridi ya mlimani na watu wenye silaha njiani. Simu ilikuwa imeshakatika.

Alitoka akamweleza mumewe yote.

"Ulijua tangu saa nne?"

"Nilijua."

Tabe alichukua koti lake, akashika njia ya mlimani bila kuaga.

Ndege ilifika kesho yake asubuhi na abiria sita. Wandime alingoja siku mbili bila kula, akimuuliza kila mpita njia kama amesikia milio ya bunduki. Siku ya tatu, adhuhuri, aliwaona wakija, mama ameegemea bega la mwanawe, miguu imevimba kama maboga.

Wandime alimkalisha, akamkanda miguu kwa maji ya moto.

"Wenzangu walifika?" bibi akauliza.

"Walifika, mama. Wote."

Bibi alifumba macho. "Niliwaombea njia nzima," akasema.

Tabe alikuwa amekaa mlangoni, amewapa mgongo. Hakuzungumza na mkewe hadi Jumapili.